Ngome Kongwe ya Unguja: mwongozo kamili wa kuitembelea bila kutoka baada ya dakika kumi

Ziara nyingi za Ngome Kongwe huenda hivi. Mgeni anaingia saa saba mchana, jua liko utosini. Anazunguka uwanja wa majani, anapiga picha moja ya ukuta, anakataa shanga mara tatu, anatoka. Jioni ukimuuliza anakwambia, "Nimeingia, lakini hamna kitu mle." Jibu hili nimelisikia kwa wageni wa bara, kwa Waunguja wenzangu, hata kwa binamu yangu wa Michenzani ambaye anaweza kufika langoni kwa miguu kabla chai yake haijapoa.

Macho yao hayana kosa. Wameiendea ngome kama makumbusho, mahali ambapo vitu vimewekwa kwenye makabati vikikusubiri. Ngome haina makabati ya hivyo. Ni jengo la kale lenye kazi mpya ndani yake: jukwaa la wazi, wachoraji, wauza kazi za mikono, vijana wa mitambo wanaovuta nyaya. Utakachokiona kinategemea saa uliyoingia na mtu uliyezungumza naye. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na saa na watu, kuta zinafuata. Historia nitaigusa pale tu inapokusaidia kutazama.

## Vitu vya kuandaa

Hakuna cha gharama hapa, lakini kila kimoja kimewahi kunikosesha raha nilipokisahau.

- Noti ndogo ndogo za shilingi. Muuzaji wa kwanza wa siku hana chenji, na wa mwisho amekwishaipeleka nyumbani. Mashine za benki zipo Mji Mkongwe, mji wa kale ilimo ngome, ila foleni yake siku ya tamasha usiiombe.
- Nguo inayofunika mabega na magoti, kwa mwanamke na mwanamume pia. Mji Mkongwe ni makaazi ya watu wenye dini yao, na ukiwa umejistiri hata mazungumzo yanafunguka upesi.
- Kanga moja ya ziada. Mchana itakukinga jua, usiku utaikalia. Ngazi za jukwaa ni za mawe, na mawe hayana huruma baada ya saa moja.
- Viatu vya soli ya mpira. Mawe yaliyokanyagwa miaka mingi huteleza, mvua ikinyesha zaidi.
- Daftari na kalamu, kwa ajili ya majina ya watu na tarehe za maonyesho.
- Simu yenye chaji na tochi.
- Kipande cha bomba la plastiki, kama una nia ya kununua picha. Duka lolote la vifaa vya ujenzi litakukatia kipande cha bomba la upana wa inchi tatu. Sababu utaiona hatua ya saba.
- Saa za swala za siku hiyo. Hata kama wewe si Muislamu, ratiba ya mji mzima inazifuata.

## Hatua ya 1: Chagua siku, kisha uigawe mara mbili

Ngome ina siku za aina mbili. Siku ya kawaida utawakuta wachoraji na wauzaji, uwanja umetulia. Siku ya onyesho uhai wote unahamia usiku, na mchana wake huwa ni wa kupanga spika, kujaribu sauti na kuzungushia kamba. Mtu anayefika alasiri ya siku ya tamasha akitaka utulivu ataambiwa arudi baadaye, na atakuwa ameambiwa haki.

Yapo matamasha mawili makubwa ya kuyajua. Sauti za Busara, la muziki, lilianza mwaka 2004 na hufanyika Februari. Tamasha la filamu, ZIFF, lilianza 1998 na huja katikati ya mwaka. Yote mawili yameitumia sana Ngome Kongwe, lakini matamasha huhama viwanja, kwa hiyo soma uwanja ulioandikwa kwenye tiketi yako ya mwaka huu. Usitegemee ya rafiki yako wa mwaka juzi.

Ushauri wangu kwa anayekwenda mara ya kwanza ni siku ya kawaida yenye onyesho dogo usiku. Igawe hivi: ingia saa tisa na nusu alasiri, toka Magharibi ikiadhiniwa, rudi baada ya Isha. Saa tisa na nusu jua limeanza kulala upande wa bahari, kuta zinapata kivuli, na wachoraji waliokwenda kula na kuswali wamesharudi vitini.

Jihadhari na siku hizi: Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, watu wako msikitini. Mwezi wa Ramadhani maonyesho ya muziki husimama au hupungua sana, na kula au kunywa hadharani mchana ni utovu wa adabu. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, jukwaa halina paa. Mvua ikiamua, imeamua.

Hatua hii umeimaliza kama unaweza kusema kwa sentensi moja, "Nakwenda siku fulani, saa fulani, kuona kitu fulani." Ukishindwa kuitamka, bado hujapanga.

## Hatua ya 2: Thibitisha onyesho kwa mdomo wa mtu

Hapa ndipo wengi hupotea, na mimi nimo. Mwaka mmoja niliwachukua wageni watano kutoka Morogoro kwenda kusikiliza taarabu, kwa sababu bango lililobandikwa ukutani mtaa wa jirani liliandikwa "Ijumaa hii". Tulipofika lango limefungwa, mlinzi anakula chungwa. Bango lilikuwa la mwezi uliopita. Halikuwa na tarehe, na "Ijumaa hii" haichakai kamwe. Wageni wangu walivumilia, lakini mpaka leo nikisema "Ijumaa hii" wanacheka.

Fanya hivi badala yake:

1. Asubuhi ya siku yenyewe, au jana yake, pita langoni usome matangazo. Bango lisilo na tarehe na mwezi lihesabu kuwa halipo.
2. Muulize mlinzi au aliye dawatini: "Leo usiku pana nini, na kinaanza saa ngapi?" Kisha ongeza swali la pili: "Kinaanza saa hiyo, au watu ndio huanza kuja saa hiyo?" Swali la pili ndilo lenye jibu.
3. Uliza kama usiku huo uwanja umekodiwa. Ngome hukodishwa kwa hafla za watu binafsi, na bango la onyesho la umma halitabanduliwa kwa sababu hiyo.
4. Andika jina la aliyekujibu. Jioni ukifika na kumkuta mwingine, kusema "fulani aliniambia asubuhi" kunarahisisha mengi.

Watu wa mapokezi hotelini huulizwa jambo hili kila siku, na wengi hujibu kwa adabu kuliko kwa uhakika. Wasikilize, kisha nenda langoni mwenyewe.

## Hatua ya 3: Fika kwa miguu

Ukitokea bandarini, toka langoni na ufuate barabara ya Mizingani, bahari ikiwa mkono wako wa kulia. Utaipita Dispensari ya zamani yenye roshani za mbao za nakshi, halafu Mtini, ule mti mkubwa wenye kivuli cha mafundi wa boti. Halafu nyumba ya zamani ya forodha, kasri la mfalme, kisha Beit el Ajaib. Inayofuata, yenye kuta za rangi ya udongo na meno juu yake, ndiyo ngome. Bustani ya Forodhani iko mbele yake.

Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Ukikuta uzio au majukwaa ya mafundi, pita mbali nayo, na usiingize mtoto mchangani kwa ajili ya picha.

Ukitokea Darajani, shika vichochoro vya kuelekea baharini. Utapotea, hilo ni la kawaida. Fuata upepo wa bahari, na ukikutana na mtu mzima aliyekaa barazani mwamkie kwanza, "Shikamoo mzee," kabla ya kuuliza njia. Aliyeamkiwa hunyoosha mkono na kukueleza mpaka kona ya tatu. Asiyeamkiwa hunyoosha kidevu tu.

Njiani utakutana na papasi, vijana wanaojitolea kukuongoza bila kuombwa. Usiwajibu kwa ukali wala usiwaongopee. "Ahsante kaka, najua ninapokwenda" inatosha, ukitamka huku unatembea. Ukisimama, umeshaajiri. Kama kweli unataka wa kukutembeza, mwongozaji halali ana kitambulisho cha kazi. Mwombe akuonyeshe, na mpatane malipo kabla ya hatua ya kwanza.

## Hatua ya 4: Langoni, uliza maswali matatu

Salamu kwanza. Halafu:

- Leo kuna kiingilio? Ni cha uwanja au cha onyesho tu?
- Sehemu gani leo hazifikiki?
- Naweza kupiga picha, na kwa kamera kubwa pia?

Swali la kwanza linakuepusha kulipa mara mbili, au kumlipa asiyehusika. Malipo yafanyike dawatini na upewe risiti. La pili lina maana kwa sababu minara na baadhi ya ngazi hufungwa kwa usalama. La tatu ni kwa sababu siku za mazoezi baadhi ya wasanii hawataki kurekodiwa.

Ndani mna nyua mbili. Moja ina majani, maduka na vibanda. Nyingine ina jukwaa lenye ngazi za mawe zilizopangwa nusu duara. Wageni wengi hawafiki kwenye ua wa pili, wanadhani wa kwanza ndio ngome nzima.

## Hatua ya 5: Soma ukuta kabla ya kusoma bei

Nenda moja kwa moja ukutani kabla hujasimama kibanda chochote. Ukianza na maduka, yatakumaliza nguvu na pesa.

Tafuta mahali lipu imebanduka. Utaona jiwe lenye vijitundu na michoro kama maua ya mviringo. Hilo ni tumbawe, kitu kilichowahi kuwa hai baharini. Kilichoyashika mawe hayo ni chokaa, nayo hutokana na matumbawe yaliyochomwa tanuuni. Kwa maneno mengine ukuta mzima umetoka majini, umbali wa kutupa jiwe.

Sasa tafuta kiraka cha saruji, rangi ya kijivu, kigumu, kimenyooka kuliko jirani zake. Tazama pembezoni mwake. Mara nyingi chokaa ya zamani inayokizunguka imevimba na kumomonyoka, na kuna unga mweupe wa chumvi. Chokaa huruhusu unyevu utoke, saruji huuziba, basi maji yanatafuta njia ubavuni na kusukuma lipu. Ukishakiona kiraka kimoja utaviona kila jengo la Mji Mkongwe, na utaelewa kwa nini mafundi wa uhifadhi hugombana na mifuko ya saruji.

Historia kidogo sasa, kwa sababu iko mbele ya macho yako. Waarabu wa Omani waliijenga ngome baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Baadaye ilitumika kama jela. Neno letu *gereza* wanaisimu wanalirudisha kwenye neno la Kireno *igreja*, yaani kanisa. Kanisa likawa ngome, ngome ikawa jela, jela ikawa uwanja wa taarabu. Jukwaa hili ni la miaka ya 1990.

Onyo: usikwaruze, usiegemee kwa mkoba wenye vyuma, usipande kwenye meno ya ukuta hata kama umemwona mwingine juu. Tumbawe la zamani hubanduka bila kutoa taarifa.

Utajua umesoma vizuri kama unaweza kumwonyesha mwenzako jiwe, chokaa na saruji kwa kidole bila kubabaika. Dakika ishirini zinatosha.

## Hatua ya 6: Kaa na anayefanya kazi

Hii ndiyo hatua nzito, nayo ndiyo inayorukwa. Ipe saa nzima.

Zunguka vibanda mara moja bila kununua. Unatafuta mtu mwenye brashi, sindano au patasi mkononi. Wanaouza ni wengi, wanaotengeneza papo hapo ni wachache. Ukimpata, anza hivi:

"Salaam aleikum, fundi."

"Waaleikum salaam, karibu."

"Naomba nitazame kazi, sitakusumbua."

"Tazama tu, kutazama bure."

Halafu utazame kweli. Kaa kimya dakika tano. Simu iwe mfukoni. Watu huharakia kuuliza bei kwa sababu ukimya unawatia haya, na wakishauliza bei wamekwishakuwa wateja. Mazungumzo yanakuwa ya pesa mpaka mwisho.

Kama ni mchoraji wa Tingatinga, swali zuri la kufungulia ni: "Unaanza na rangi ya nyuma au na mnyama?" Atakwambia rangi ya nyuma inatangulia, inaachwa ikauke, ndipo mnyama anakuja juu yake, na nukta na mistari myembamba ni ya mwisho kabisa. Mtindo huu ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta zilizokuwa zikitumika kupaka baiskeli, juu ya mbao za dari. Ndiyo maana mpaka leo picha hizi zinang'aa kama mlango uliopakwa jana.

Ukitaka kuijua kazi ya mkono makini, iinamishe picha kidogo kwenye mwanga, usiiguse. Tazama nywele za shingo ya twiga au manyoya ya kanga. Mkono makini huanza mstari kwa unene na kuumaliza kwa ncha kama ya sindano. Mkono wa haraka huacha unene uleule mwanzo hadi mwisho, na nukta zake zina mikia. Angalia pia sahihi kisha uulize, "Huyu ndiye wewe?" Akisema ni ya ndugu yake au ya mwenzake, si kosa, wengi hufanya kazi kwa ushirika. Ila sasa unajua unanunua ya nani.

Kofia za viua zina kipimo chao. Igeuze ndani nje. Kila kitundu cha kofia ya mkono kimetobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, na kwa karibu utaona havilingani kabisa, kimoja kimelala kidogo, kingine kimebana. Kofia ya mashine ina tarizi iliyolala bapa, vitundu vyote mapacha. Ya mkono huchukua wiki nyingi, na mara nyingi aliyeishona ni mwanamke aliye nyumbani, si kijana anayekuuzia. Muulize ilishonwa na nani na wapi. Muuzaji anayejua jibu, kaa naye.

### Bei

Kupatana ni sehemu ya mazungumzo, lakini kuna adabu yake.

- Usiulize bei ya kitu usichokitaka.
- Uliza bei za ukubwa tatu tofauti kabla hujataja yako. Hapo utajua mizani ya duka.
- Ukitaja kiasi naye akakubali, umenunua. Kugeuka hapo ni aibu, na habari itakufuata kibanda kwa kibanda.
- Kwa aliyekuchorea mbele ya macho yako, punguza kidogo tu au usipunguze. Mimi huomba "nyongeza" badala ya punguzo: kadi ndogo, au anifungie vizuri.

Picha ya mtu hupigwa kwa ruhusa. "Naweza kukupiga picha ukiwa kazini?" Akisema hapana, sema ahsante na uendelee kukaa. Wanawake wengi wa ushonaji na hina hawapendi sura zao zitolewe. Omba kupiga mikono na kazi.

Unaondoka vizuri ikiwa unalijua jina la mtu mmoja, unajua kazi yake inaanzia wapi na kuishia wapi, na daftari lina angalau mstari mmoja alioutamka yeye. Kununua si sharti.

## Hatua ya 7: Ukinunua picha, ifunge hivi

Picha nyingi huharibika baada ya kununuliwa, kwenye boti au kwenye buti ya gari. Rangi ya mafuta isiyokauka sawasawa hunata ikipata joto.

1. Uliza imemalizwa lini, kisha inusa. Harufu kali ya rangi maana yake bado mbichi. Omba nyingine, au iache ikauke na kuifuata kesho.
2. Iondoe kwenye fremu. Kitambaa husafiri, fremu hupasuka, na fremu utaipata kokote.
3. Ilaze kwenye kanga safi, rangi ikiangalia juu, uifunike kwa karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Gazeti huacha wino wake, na plastiki hunatana na rangi.
4. Iviringishe upande wa rangi ukiwa nje. Watu hufanya kinyume wakidhani wanailinda. Rangi ikiwa ndani hubanwa na kujikunja, ikiwa nje hunyooka kidogo tu.
5. Itumbukize kwenye bomba lako, na uzibe miisho kwa kitambaa.
6. Usiiache garini juani. Ukifika, ikunjue siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 8: Rudi usiku

Fika nusu saa kabla ya muda halisi ulioambiwa. Utapata kiti, na utasikia wapigaji wakitega ala. Kanuni, ala ya taarabu inayolazwa na kudonolewa kwa vidole, ina nyuzi zaidi ya sabini, na mpigaji anazipitia kwa ufunguo mdogo huku ameinamisha sikio, anagusa, anakaza, anagusa tena. Mwenye fidla anamsubiri, mwenye udi anamsubiri. Binafsi dakika hizo ningezilipia peke yake.

Kaa safu za katikati, si chini kabisa. Chini spika zitakupiga kifuani na hutasikia maneno, na taarabu bila maneno ni nusu sahani. Tandika kanga yako.

Kama ni taarabu, utaona wasikilizaji, hasa akina mama, wakiinuka na kwenda jukwaani kwa mwendo wa madaha, noti mkononi. Huko ni kutunza. Ukitaka kujiunga, ngoja beti liishe, nenda taratibu, mpe mwimbaji mkononi au weka panapowekwa, urudi. Usimrushie noti wala usimbandike usoni, na usisimame kupiga picha naye katikati ya wimbo. Ujue pia kwamba wimbo unaweza kuwa na mwenyewe. Mama anayetunza kwa kumtazama mtu fulani anampelekea salamu, na si lazima ziwe njema. Usikae njiani.

Adhana ikisikika ukiwa umewahi, majaribio ya sauti husimama. Nawe punguza sauti.

Ukitoka, bustani ya Forodhani iko mbele yako na mashuka ya moshi wa mishikaki. Uliza bei kabla ya kuelekeza kidole, na vyakula vya baharini vichomwe upya mbele yako. Urojo hauna masharti.

## Ikikwama

Lango limefungwa mchana. Muulize mlinzi ni kwa saa ngapi, kisha keti Forodhani. Mara nyingi ni matayarisho ya jioni. Kugonga hakusaidii.

Hakuna anayechora. Umewahi, au ni saa ya swala, au ni masika na wageni ni wachache. Uliza jina la mchoraji na siku zake. Wauzaji watakwambia, wanafahamiana wote.

Una watoto. Fanya hatua ya tano na nusu ya hatua ya sita, basi. Wape kazi ya kutafuta maua ya matumbawe ukutani. Usiku waache nyumbani, maonyesho huchelewa.

Mvua imeanza onyesho likiendelea. Ondoka kwenye ngazi za mawe kwa kushuka polepole, ukiegemea pembeni. Ala ndizo zinazokimbizwa kwanza, wapishe wanaozibeba.

Umeme umekatika. Usiinuke. Washa tochi ya simu na uielekeze chini miguuni, si machoni mwa watu. Spika zitanyamaza, taa zitazimika, na kutakuwa na kelele za watoto kwa sekunde chache. Mwenye dumbaki, ile ngoma ndogo ya taarabu, kwa kawaida haachi kupiga.